Kufumua masweta ya zamani na kufuma blanketi la familia

Karibu kila nyumba ina masweta yasiyovaliwa tena ambayo hakuna anayethubutu kuyatupa: la mtoto aliyekwisha kukua, la baba lililotoboka viwiko, la bibi aliyetangulia mbele ya haki. Uzi wake mara nyingi bado mzima. Hapa tunaeleza namna ya kuyafumua, kuuosha na kuunyoosha uzi wake, kisha kuufuma kwa kroshia uwe miraba midogo itakayoungwa kuwa blanketi moja. Tunaeleza pia namna ya kuipanga kazi hiyo iwe pumziko la jioni badala ya kuwa deni jingine la nyumbani. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wanaanza kwa hamu, wanaichanganya na maamuzi mengi, na baada ya wiki mbili mfuko umesukumwa chini ya kitanda.

Kanuni inayobeba yote yanayofuata ni hii: maamuzi yafanywe mchana, jioni ibaki kazi ya mikono. Kuchagua rangi, kupima, kufumua na kurekebisha makosa kunataka mwanga wa kutosha na akili iliyochangamka. Mtu aliyechoka, au aliyefiwa, hana nafasi ya hayo. Anachoweza ni kurudia tendo ambalo vidole vimeshalizoea, akihesabu moja, mbili, tatu, kisha akaanza tena. Hesabu ndogo namna hiyo inatosha kuizuia akili isizunguke kwenye jambo moja usiku kucha, na haiichoshi. Kwa hiyo jifunze mraba huu katika siku za kawaida. Siku ya msiba si siku ya kujifunza kushika kulabu, ile sindano ya kroshia yenye ncha iliyopinda.

Sweta linalofaa na lisilofaa

Geuza sweta ndani nje, uangalie mishono ya ubavuni. Utakuta moja kati ya aina mbili. Katika aina ya kwanza, kingo za vipande ni nzima, vitanzi vyake vimefuatana bila kukatika, na vipande vimeungwa kwa uzi mmoja unaoonekana ukivivuta pande mbili. Sweta hilo lilifumwa kipande kwa kipande kwa umbo lake, na kila kipande kitafumuka kwa uzi mrefu. Katika aina ya pili, kingo zimekatwa na kuzungushiwa nyuzi nyembamba za ovaloki. Sweta hilo lilikatwa kutoka kitambaa kikubwa, kwa hiyo kila mstari wake umekatika ncha zote mbili. Ukilifumua utabaki na mamia ya vipande visivyozidi upana wa kifua. Usipoteze muda nalo.

Sufu iliyowahi kufuliwa kwa maji ya moto hadi ikashikana haifumuki pia. Jaribu mstari mmoja: ikiwa nyuzi zinang'ang'aniana na kukatika kila unapovuta, liache. Lenye manyoya marefu litakutesa vivyo hivyo. Kisha liinue mbele ya dirisha utazame kama lina matundu ya nondo. Tundu moja si tatizo, litakupa sehemu moja ya kuunga. Matundu yaliyotapakaa yatakata uzi kila baada ya mita chache. Sweta lenye dalili ya nondo lifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na ulikalishe wiki nzima kwenye friza kabla halijakaribia nyuzi nyingine, maana viluwiluwi vyake vikihamia kwenye kapu lako vitakula kazi yote.

Kama lebo imeng'oka na hujui uzi ni wa nini, kata kipande cha sentimita 5, kishike kwa koleo juu ya sahani ya chuma au sinki, ukiwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua, hujizima yenyewe ukiondoa moto, na majivu yake husagika vidoleni. Pamba huwaka kwa mwali na kunuka karatasi, ikiacha majivu laini ya kijivu. Akriliki, yaani uzi wa kiwandani unaofanana na sufu, huyeyuka na kuacha donge gumu jeusi. Usiliguse likiwa moto. Sufu na akriliki zinaweza kukaa katika blanketi moja ukikubali kulifua kwa mkono daima. Pamba iache kwa kazi yake yenyewe: ni nzito, hainyumbuki, na mraba wa pamba kati ya miraba ya sufu huvuta wenzake ukawapinda.

Kufumua

Anza na kilichoshonwa mwisho: kola, kisha mikono, kisha mbavu, kisha mabega. Vuta mshono pande mbili mpaka uone uzi wa kushonea ukikatiza katikati. Kata hapo tu, mahali pamoja, kisha uutoe uzi huo kwa ncha ya sindano. Masweta mengi huharibikia hapa, kwa sababu mkasi unachukua pia kitanzi cha ukingo, na kila kitanzi kilichokatwa ni uzi uliokatika. Uzi wa kushonea mara nyingi una rangi ileile ya sweta, ndiyo maana kazi hii haifanywi usiku.

Kipande kilichofumwa kwa sindano mbili hufumuka kutoka pale fundi alipomalizia. Kwa masweta mengi mwisho huo uko juu, shingoni na mabegani, kwa sababu kazi ilianzia kiunoni. Yapo yaliyoanzia shingoni yakashuka, na hayo hufumuka kutoka chini. Uzi ukikwama kila mstari na kukulazimisha kuupitisha ndani ya vitanzi, unavuta kutoka mwisho usio wake. Hamia upande wa pili.

Usiuzungushe uzi kuwa donge moja kwa moja. Umejikunja kwa miaka, na ukiufuma hivyo mishono itatoka isiyolingana. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti au kwenye ubao wenye upana wa sentimita 40 hivi, ukiwa umelegea. Unapokatika, funga fundo jepesi lenye mikia ya sentimita 15. Fundo hilo ni la muda tu, utalifungua utakapolifikia wakati wa kufuma. Kipande kikiisha, funga kicha, yaani fungu lote la uzi uliouzungusha, mahali pane kwa vipande vya uzi wa rangi nyingine, kila kimoja kikipita katikati ya nyuzi na kurudi upande wa pili, bila kukaza. Kicha kisichofungwa vizuri kikiingia majini kinatoka kikiwa kimesokotana, na kukitatua kunaweza kuchukua siku nzima.

Loweka vicha dakika 30 katika maji ya vuguvugu yenye shampuu kidogo. Visukume chini kwa kiganja, basi; usisugue wala usikamue. Suuza kwa maji ya joto lilelile. Sufu hushikana kwa joto linalobadilika ghafla pamoja na msuguano, na ikishashikana hairudi. Rangi nyekundu, ya bluu iliyokolea na nyeusi zikaguliwe hapa: bana uzi mbichi ndani ya kitambaa cheupe kwa dakika 10. Ukiacha doa, endelea kuosha hadi kitambaa kibaki cheupe, au uondoe rangi hiyo kwenye mpango. Doa jekundu juu ya mraba mweupe wa mtu mwingine ni huzuni inayoepukika.

Bana vicha ndani ya taulo, kisha vitundike kivulini. Ili uzi unyooke, ning'iniza kwenye kila kicha kitu chepesi, mfano chupa ndogo yenye maji kidogo. Usizidishe uzito. Uzi uliokauka ukiwa umevutwa sana unaonekana mzuri, lakini siku blanketi litakapofuliwa utarudi kwenye urefu wake na mraba utakunjamana. Akriliki inaweza kubaki na mawimbi kidogo hata baada ya yote haya, na haina neno. Uzi ukikauka kabisa, uzungushe kuwa donge lililolegea kiasi cha kidole kuingia.

Vifaa na kiasi cha uzi

Utahitaji kulabu moja ya milimita 4 au 4.5 (namba imechorwa kwenye mpini), mkasi mdogo, sindano nene yenye ncha butu na tundu pana, tepu ya kupimia, pini ya kufungia na daftari. Masweta ya kiwandani yana uzi mwembamba. Shika nyuzi mbili au tatu pamoja mpaka zifikie unene wa zile zilizofumwa kwa mkono. Unene usipolingana, miraba haitalingana.

Blanketi la magotini la miraba 8 kwa 10, kila mmoja wa sentimita 10, lina miraba 80 na upana wa sentimita 80 kwa 100. Usikadirie uzi kwa macho. Fuma miraba 5, ipime pamoja kwenye mizani ya jikoni, gawa kwa 5, zidisha kwa 80, kisha ongeza moja ya kumi kwa ajili ya kuunga na ukingo. Miraba 5 ikiwa na gramu 45, mmoja ni gramu 9, yote 80 ni gramu 720, na ukiongeza moja ya kumi unahitaji karibu gramu 800. Ukijua hilo mapema hutakwama nusu ya njia ukitafuta rangi isiyopatikana tena.

Mraba wenyewe

Mishono ni minne tu. Mnyororo: zungusha uzi kwenye kulabu na uupitishe ndani ya kitanzi kilichopo. Mtelezo: ingiza kulabu, zungusha uzi, upitishe kwenye vitanzi vyote kwa mara moja. Nguzo fupi: ingiza kulabu, vuta uzi, sasa una vitanzi viwili, zungusha, pitisha kwenye vyote viwili. Nguzo: zungusha uzi kwanza, ingiza kulabu, vuta uzi, sasa una vitanzi vitatu, zungusha na upitishe kwenye viwili, zungusha tena na upitishe kwenye viwili vilivyobaki. Ukisoma ruwaza kutoka Marekani na Uingereza, kumbuka kwamba nchi hizo hutumia majina yaleyale kwa mishono tofauti. Angalia uzi unazungushwa mara ngapi, usitegemee jina.

1. Fanya kitanzi cha kuanzia, kisha minyororo 4. Iunge na wa kwanza kwa mtelezo upate duara dogo. Acha mkia wa sentimita 15.

2. Mzunguko wa kwanza: minyororo 3 (inahesabika kuwa nguzo ya kwanza), nguzo 2 ndani ya duara. Halafu rudia mara tatu: minyororo 2, nguzo 3. Malizia kwa minyororo 2 na mtelezo juu ya ile minyororo 3 ya mwanzo. Una mafungu 4 ya nguzo tatu tatu, na kona 4.

3. Mzunguko wa pili: sogea kwa mitelezo hadi kwenye nafasi ya kona. Hapo weka minyororo 3, nguzo 2, minyororo 2, nguzo 3, vyote katika kona hiyo moja. Mnyororo 1. Kila kona inayofuata: nguzo 3, minyororo 2, nguzo 3, kisha mnyororo 1. Unga kwa mtelezo.

4. Mzunguko wa tatu na wa nne: kona ni zilezile. Katika kila nafasi ya mnyororo mmoja iliyo ubavuni, weka fungu moja la nguzo 3, kisha mnyororo 1, uendelee.

5. Kata uzi ukiacha sentimita 15, upitishe ndani ya kitanzi cha mwisho, ukaze.

Kujikagua ni rahisi. Kila upande uwe na mafungu sawa na namba ya mzunguko: mzunguko wa tatu mafungu matatu, wa nne mafungu manne. Upande mmoja ukiwa pungufu, kosa liko kwenye upande huohuo, wala huna haja ya kutafuta kwingine.

Ukibadilisha rangi kila mzunguko, kila rangi inaacha mikia miwili, yaani 8 kwa mraba na 640 kwa blanketi zima. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mablanketi kubaki bila kumalizwa. Fuma juu ya mikia unapoendelea: ulaze mkia juu ya mzunguko wa chini, na nguzo mpya ziufunike kwa sentimita 5 hivi. Baadaye uurudishe kwa sindano upande wa pili, ukiruka uzi mmoja ili usirudi njia ileile. Akriliki huteleza, igeuze mara tatu. Kwa sufu isiyotibiwa kuzuia kushikana kuna njia bora ya kuunga nyuzi za rangi moja: chambua ncha mbili, zilaze moja juu ya nyingine kwa sentimita 5, zilowanishe, kisha zisugue kwa nguvu kati ya viganja mpaka zishikane. Akriliki haikubali njia hii kabisa.

Inapokwenda mrama

Mraba unaojikunja kuwa bakuli una kona zilizobanwa: umesahau mnyororo mmoja kati ya miwili, au unakaza uzi mno. Ikiwa kulabu haiingii kwa urahisi kwenye vitanzi vya mzunguko wa chini, tatizo ni mkazo. Tumia kulabu kubwa zaidi kwa nusu milimita kabla ya kulaumu mkono. Mraba unaopiga mawimbi una minyororo mingi kuliko inavyotakiwa kati ya mafungu. Ondoa ule mmoja wa ubavuni, bakiza ile miwili ya kona tu, na mara nyingi unatulia.

Mraba ulio sahihi kwa hesabu lakini uliopinda kidogo, kona zake hazielekei sawa, una sababu nyingine. Mishono ya kroshia huegemea upande mmoja kidogo, na ukizunguka uelekeo uleule mizunguko yote minne, maegemeo yanajumlishana. Geuza kazi nyuma mbele mwisho wa kila mzunguko, na kila mzunguko utasahihisha uliotangulia.

Mikono nayo ina lugha yake. Ganzi au mchomo kwenye kidole gumba na vidole vya jirani ni ishara ya kuacha, si ya kumalizia mzunguko kwanza. Weka viwiko karibu na mwili, kazi ikae mapajani au juu ya mto badala ya kuning'inia mkononi, na usimame ujinyooshe kila baada ya dakika 20 hadi 30. Jaribu kushika kulabu kwa namna zote mbili, ya kalamu na ya kisu; kubadilisha kunapumzisha misuli. Ganzi isiyoondoka ionwe na mhudumu wa afya.

Kuipanga jioni

Usiitafutie kazi hii saa mpya. Ibandike kwenye jambo ambalo tayari hutokea kila siku: vyombo vikishaoshwa, watoto wakishalala, sala ikishasaliwa. Jambo hilo ndilo litakalokukumbusha, na hutahitaji kujilazimisha. Kiti kiwe kilekile, kapu liwe pembeni yake daima, simu iwe chumba kingine. Taa itoke upande wa mkono usioshika kulabu ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Kwa uzi mweusi au wa bluu iliyokolea tandaza kitambaa cheupe mapajani, mashimo yataonekana.

Kapu la jioni lisibebe akiba yote ya uzi. Mara moja kwa wiki, mchana, pangilia rangi za miraba saba, funga kila seti kwenye mfuko wake mdogo kwa mpangilio wa mizunguko, na ubaki na hiyo saba tu. Jioni unatoa mfuko mmoja bila kuchagua. Huu ndio utaratibu mdogo unaotofautisha blanketi linalokwisha na lisilokwisha, na ndio unaoifanya kazi ipumzishe: ukikaa, kila kitu kimeshaamuliwa.

Lengo ni mraba mmoja kwa kikao. Anayeanza atachukua karibu saa nzima. Aliyezoea, dakika 20 hivi. Usiku ukiwa mzito, mzunguko mmoja unatosha, na kitanzi kilichobaki wazi kifungwe kwa pini. Ni vizuri kuacha katikati ya upande ulio rahisi, usiache kwenye kona, kwa kuwa kesho mikono itajua la kufanya kabla hujafikiri. Ukigundua kosa usiku, funga uzi wa rangi nyingine mahali hapo, uliache hadi asubuhi. Kufumua ukiwa umechoka humaliza faraja yote ya saa iliyopita, na mara nyingi hufumuliwa hata kisichokuwa na kosa.

Kwa aliyefiwa, sweta la marehemu lisiwe la kwanza kufumuliwa. Anza na mengine, mikono ikomae, na kila mwenye haki na sweta lile aulizwe kabla mkasi haujaligusa. Wapo watakaotaka libaki zima, na hilo liheshimiwe. Wakikubali, uzi wake ugawanywe katika mzunguko mmoja wa kila mraba, mathalani wa kwanza, ili uenee blanketi zima na kila atakayejifunika apate sehemu. Na ikiwa huzuni imemnyima mtu usingizi au chakula kwa wiki kadhaa, kroshia peke yake haitoshi. Anahitaji kusindikizwa kwa daktari au mshauri.

Miraba ya watu wengi

Blanketi likishafumwa na mikono mingi linakuwa desturi, lakini mikono haikazi sawa. Mizunguko minne ya mtu mmoja itatoa sentimita 9 na ya mwingine 11. Kwa hiyo kipimo mnachokubaliana kiwe sentimita 10, si idadi ya mizunguko. Mraba mdogo uongezewe mzunguko mmoja wa nguzo fupi, nguzo 3 fupi katika kila kona. Mkubwa urudiwe na mwenyewe kwa kulabu ndogo zaidi, au ubanwe wakati wa kuunga: funga pini kona kwanza, kisha katikati, na ile ziada igawanywe kidogo kidogo.

Msirudie mraba wa mtu kwa siri. Mtoto atautafuta mraba wake uliopinda, na akikuta umenyooka atajua. Uwekeeni mzunguko wa nguzo fupi kuuzunguka, utakaa sawa na wenzake huku umbo lake likibaki.

Mtoto wa miaka 6 au 7 aanze na mnyororo wa vidole bila kulabu, na azungushe madonge. Kazi hiyo ni ya kweli na inahitajika. Mzee mwenye macho dhaifu apewe uzi mnene wa rangi nyeupe au ya maziwa na kulabu ya milimita 6, na afanye mizunguko miwili tu, mwingine atamalizia. Aliye mbali atume miraba kwa bahasha, ni mepesi. Kila mraba ufungiwe kikaratasi chenye namba, na namba hiyo iandikwe daftarini: umefumwa na nani, tarehe, uzi umetoka sweta la nani. Chora pia ukurasa wa miraba 8 kwa 10 na ujaze namba kila unapounga. Baada ya miaka 20 hakuna atakayekumbuka bila daftari hilo.

Amueni pia siku maalumu ya kuongeza, kama vile kila anapozaliwa mtoto au kila mwisho wa mwaka. Desturi yenye tarehe hujiendesha. Isiyo na tarehe humtegemea mtu mmoja, na akichoka inakufa.

Kuunga na ukingo

Tandika miraba yote sakafuni kwa mpangilio, piga picha, kisha ikusanye mstari kwa mstari. Weka miwili ubavu kwa ubavu, uso juu. Kwa sindano butu, shona ukipita kwenye uzi wa nje tu wa kila kitanzi, kitanzi kwa kitanzi, na uzi wenye urefu mara tatu ya mshono. Shona mistari yote ya mlalo kwanza kutoka mwisho hadi mwisho, ndipo ile ya wima. Ukiunga mraba mmoja mmoja kwa kuzunguka, kona zitaacha matundu. Usikaze. Mshono uliokazwa hukatika blanketi likivutwa kitandani.

Ukingo ni mizunguko miwili ya nguzo fupi, nguzo 3 katika kila kona ya nje. Ukipiga mawimbi umezidisha nguzo, ukikunjamana umepunguza.

Kufua na kutengeneza

Fua kwa mkono, maji yasiyozidi nyuzi joto 30, bila kukamua. Linyanyue likiwa limekusanywa lote kwa mikono miwili, maana likiinuliwa kwa kona moja uzito wa maji utalirefusha. Libane ndani ya taulo na ulikaushe likiwa limelazwa kivulini. Usilipige pasi: akriliki ikipata joto hulegea na hairudi.

Mraba ukitoboka, usizibe kwa fundo. Kata mshono wa kuunga pande zake nne, si ukingo wa mraba wenyewe, utoe, fuma mwingine wa kipimo kilekile, na uushone pale. Kwa ajili hiyo weka akiba ya gramu 20 za kila rangi kwenye mfuko uliofungwa, pamoja na kulabu iliyotumika na daftari, na namba mpya iandikwe kando ya ile ya zamani, bila kuifuta.